Kinachozuia mimba ni kunyonya, sio maziwa

Haya jamani, chai imeisha turudi. Nianze na swali, mama kaja kliniki na mtoto wa miezi minne anakwambia nesi mi nanyonyesha, uzazi wa mpango wa nini? Unamjibu nini? ... Naona nusu mnasema "yuko sawa", nusu mnasema "hizo imani za mabibi". Wote mmekosea, na msijisikie vibaya maana hata mimi nimewahi kumjibu mama "uko sawa" akarudi na mimba mtoto hajafika hata miezi saba, kumbe uji alishaanza kumpa toka mwezi wa tatu na wala sikumuuliza.

Bibi zetu hawakukosea. Mtoto akivuta ziwa ubongo wa mama unapata taarifa, unapunguza vichocheo vinavyopevusha yai, yai halitoki. Ndo maana nasema kinachofanya kazi ni ule uvutaji. Ukishaelewa hapo huna haja ya kukariri. Maji ya glukosi, uji, chuchu bandia, vyote vinampunguzia mtoto hamu ya kuvuta, kinga ya mimba inashuka. Mama anayekamua maziwa akaacha kwenye chupa, mtoto anakunywa maziwa ya mama tupu ndio, lakini ziwa halivutwi vya kutosha. Na huku kwetu Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84 tu, mama anarudi kazini mtoto hata miezi mitatu kamili hana, yupo na dada wa kazi toka saa moja asubuhi mpaka jioni, wakati mchana haitakiwi yapite masaa manne bila kunyonya na usiku masaa sita!

Wataalamu walikaa Bellagio, Italia, mwaka 1988 wakakubaliana masharti matatu ili kunyonyesha kuzuie mimba: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu mchana na usiku, na hajafika miezi sita. Yote yakiwepo kwa pamoja kinga ni asilimia 98 na zaidi, moja likivunjika basi imeisha, siku hiyohiyo. Na asisubiri aone damu, yai linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, mtu anabeba mimba hajaona hata tone.

Kwa hiyo muulize yote matatu, halafu la nne ambalo huwa tunaliruka, baada ya hapo utatumia nini? Kijiti, kitanzi, vidonge vya kichocheo kimoja, hivyo anayenyonyesha anatumia vizuri tu, vile vya vichocheo viwili avisubiri mpaka mtoto afike miezi sita. Asiondoke tu na "utakuja".

Eeh, dada wa nyuma anauliza mama aliyeona damu wiki ya sita imekaaje. Swali zuri, kama ananyonyesha tu, damu ya ndani ya siku 56 toka ajifungue hatuihesabu kama hedhi, ikija baada ya hapo siku mbili mfululizo, huyo hedhi yake imerudi.