Swali Lisilonakilika: Kuandaa Somo la Uchunguzi Mtandaoni

Walimu wenzangu, tuanze na zoezi mnalolijua: "Tafuteni mtandaoni habari za sangara wa Ziwa Victoria, muandike ukurasa mmoja." Mwanafunzi anafungua simu, ananakili aya tatu, kazi imekwisha. Hakufikiri, na kosa si lake. Tulimwomba habari, naye kaleta habari.

Mwaka 1995 Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, Marekani, akiwa na Tom March, alibuni muundo wa somo la uchunguzi mtandaoni unaoitwa WebQuest. Siku hizi tunaupanga hivi: utangulizi, kazi, hatua, vyanzo, tathmini, hitimisho. Utangulizi na hitimisho sentensi nne nne zinatosha. Jasho lako limwagie kwenye kazi.

Turudi kwa sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Baadaye spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili anaowala, zikatoweka, huku viwanda vya minofu vikiajiri watu Mwanza na Kisumu. Basi geuza swali: "Halmashauri ina fedha za mradi mmoja tu, kukuza uvuvi wa sangara au kulinda furu waliobaki. Ishaurini." Wagawe wanne wanne: mvuvi, mtafiti wa samaki, meneja wa kiwanda, na mama anayeuza mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Jibu hilo hawalikuti limeandikwa mahali; watalijenga wao.

Vyanzo viwe 6 hivi, na angalau 2 vipingane. Ukiwaachia watafute wenyewe, vipindi viwili vitaishia kwenye kutafuta. Vifungue vyote siku moja kabla, kisha uhifadhi nakala za PDF, maana viungo hufa na bando hukata katikati ya somo.

Hapa ndipo masomo mengi huharibikia: kila mmoja husoma cha kwake, halafu vipande vinne vinaunganishwa kama viraka, hakuna aliyebishana na mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kuandika pendekezo, tenga dakika 15. Mvuvi aeleze hoja ya mtafiti kwa maneno yake, mpaka mtafiti akiri, "Ndivyo nilivyosema." Ndipo aruhusiwe kuipinga. Kelele zikizidi, ziache kidogo. Ndizo ulizokuwa unazitafuta.

Alama ni 20: ushahidi uliotajwa chanzo chake 8, kujibu hoja pinzani 6, pendekezo lenyewe 4, lugha 2. Picha na marembo, sifuri. Jedwali hili walipate siku ya kwanza. Mwanafunzi huenda ziliko alama.

Mwisho, lijaribu swali lako kwenye programu ya akili mnemba. Ikikupa jibu la kuridhisha, ongeza sharti: kila kundi lilete bei ya kilo ya sangara na ya dagaa kutoka soko la karibu, wiki hiyohiyo, na lionyeshe bei hizo zinaunga mkono au zinabomoa pendekezo lao.