Barua ya Mbunge Nisiyemjua: Binti Yangu Alivyofika West Point

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama kutoka nyumbani. Leo nimekaa jikoni, na hii mnayoiona mezani ni futi kamba ya cherehani, nilitoka nayo Morogoro. Binti yangu alipokuwa mwaka wa pili wa haiskuli, akijiandaa kuomba West Point, kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakwenda kwenye maegesho ya kanisa. Anatandika taulo kwenye lami, anapiga magoti, anarusha mpira wa kikapu kwa mkono mmoja bila kuinuka. Mimi nakimbilia pale ulipodondoka, naweka alama ya chaki, kisha naanza kupima na hii futi kamba, mita moja na nusu, nasogea, mita moja na nusu, nasogea. Mara za kwanza mpira ulikuwa unaangukia karibu mpaka nikawa namwonea huruma.

Kurusha mpira umepiga magoti ni kipimo cha kwanza kati ya sita kwa anayeomba kuingia vyuo vya kijeshi vya Marekani. Kinafuata cha kujivuta kwenye chuma mpaka kidevu kipite, na msichana asiyeweza kujivuta ananing'inia tu mikono ikiwa imekunjwa, wanamhesabia sekunde. Halafu mbio fupi za kwenda na kurudi, mazoezi ya tumbo, pushapu, na mwisho maili moja. Vyote siku moja, kimoja baada ya kingine. Mtu anaweza kuwa hodari wa kila kimoja peke yake na bado ile maili ya mwisho ikamshinda, kwa sababu anaianza amechoka. Ndiyo maana nasema mtoto aanze mapema, asingoje miezi miwili ya mwisho.

Sasa tangu niweke ile picha ya binti yangu na sare, ujumbe mnaonitumia ni mmoja: "Dada, mlimjua nani?" Siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nilianza na swali hilo hilo.

West Point ni chuo cha jeshi la nchi kavu, kipo juu ya mto Hudson, jimbo la New York, tangu 1802. Wanamaji wana chao Annapolis, na jeshi la anga lipo Colorado Springs. Unasoma miaka minne bila kulipa ada, unapewa na posho, unatoka na shahada na cheo cha luteni. Ukimaliza unalitumikia jeshi miaka mitano kamili, halafu mitatu kwenye jeshi la akiba. Hiyo si zawadi, ni deni, na mtoto analipa kwa mwili wake. Mzazi lijue hilo kabla hujaanza kushangilia.

Na ili uingie lazima uteuliwe. Wengi wanateuliwa na mbunge wa eneo lao au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo. Niliposikia hivyo nilikata tamaa palepale. Mimi nafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee hapa Ohio. Seneta atanijulia wapi? Nikamwambia binti yangu, mwanangu, hii ni ya wenyewe.

Yeye ndiye aliyepiga simu ofisini kwao. Wakampa fomu, kama wanavyompa mtoto yeyote. Akaomba kote kutatu, kwa mbunge na kwa maseneta wote wawili, na kila ofisi ina fomu zake, insha zake na tarehe yake ya mwisho. Kwa wengi tarehe hizo ni msimu wa vuli wa darasa la 12, yaani mwaka wa mwisho wa haiskuli, ilhali chuo chenyewe unajaza fomu ya awali ukiwa bado darasa la 11. Mshauri wa shule alituambia tusubiri mwaka wa mwisho. Tungemsikiliza, tungekuwa tunakimbizana na tarehe.

Siku ya usaili wa uteuzi nilibaki kwenye gari. Ndani kulikuwa na meza ndefu, wanajeshi wastaafu na walimu. Walimuuliza kwa nini jeshi na si chuo cha kawaida, na alishindwa wapi maishani akafanya nini. Aliwaeleza habari za Henry Flipper, aliyezaliwa utumwani akahitimu West Point 1877, Mweusi wa kwanza, wenzake wakiwa wamemsusa miaka yote. Mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo, msichana mweusi kati ya watu wale, na sikujua kama alishawahi kuifikiria. Kumbe alikuwa ameisoma yote. Alipotoka akafunga mlango wa gari, akaniambia: "Mama, hawakuniuliza wewe unafanya kazi gani."

Nililia, nasema kweli. Na barua ya kumteua ikaja, ya mbunge nisiyemjua.

Kwa wenzangu wa huku. Grini kadi haitoshi, mtoto lazima awe raia wa Marekani siku ya kuingia. Sisi Watanzania tunajua uzito wake, maana sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima uraia pacha. Nilisita miaka. Nilipoapa hatimaye kuwa raia wa Marekani, binti yangu alikuwa na miaka 15, ana grini kadi na anaishi nami, kwa hiyo sheria ya hapa ilimpa uraia siku hiyo hiyo. Angekuwa ameshatimiza 18 angelazimika kuomba mwenyewe, kwa foleni yake. Niliiweka pasi yangu ya Tanzania kwenye kabati la marehemu mama, na sitaki kujifanya haikuniuma.

Masomo: hesabu kila mwaka, kemia na fizikia, na Kiingereza cha kuandika. Afya nayo ichungeni mapema. Pumu iliyoandikwa na daktari baada ya mtoto kutimiza miaka 13 inaweza kumzuia mpaka aombe msamaha maalumu, kwa hiyo mjue faili lake lina nini, na msifiche kitu, kwa sababu uwongo ndio unaofukuzisha watu.

Na wewe mdogo wangu wa kidato cha nne uliyeniandikia kutoka Kilosa. Njia ipo, ila huombi peke yako. Vyuo hivi hupokea wanafunzi wachache wa nchi za nje, na lazima serikali yako ndiyo ikupendekeze kupitia ubalozi wa Marekani, ufaulu mitihani ya SAT, ule wa kuingilia vyuo vya Marekani, na ya Kiingereza, na ukihitimu unarudi kulitumikia jeshi la nchi yako. Huyo aliyekuambia umtumie laki tano akuwekee nafasi ni tapeli. Nafasi hii haiuzwi popote. Usimtumie hata shilingi, na namba yake ipeleke polisi leo, usingoje kesho.