Maji, chumvi na moyo: siku tatu kabla ya jukwaa

Ndugu zangu wachezaji wa kutunisha misuli, na nyinyi walimu mnaowaandaa, asanteni kwa kufika.

Tukizungumzia dawa za kutunisha misuli, kwa kawaida tunaanzia kwenye sindano ya testosteroni, homoni ya kiume. Leo naanzia mwisho, kwenye zile siku 3 za kuukausha mwili kabla ya kupanda jukwaani kwenye mashindano, kwa sababu huko ndiko mtu anashangiliwa usiku na asubuhi hayupo.

Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alishinda mashindano ya Grand Prix Uholanzi mwezi Oktoba 1992. Saa chache baadaye moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 33, na mwili wake ulikuwa umekaushwa kwa dawa za kukojosha.

Tuione kazi ya dawa hizo. Mchezaji anataka ngozi ishikane na msuli, kwa hiyo anaacha chumvi, anapunguza maji, kisha anameza furosemidi, ambayo wengi mnaiita Lasix. Figo zinamwaga maji, lakini maji hayaendi peke yake: yanabeba sodiamu, potasiamu na magnesi. Potasiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Ni nafasi nyembamba sana, na mapigo ya moyo yanaitegemea. Ikishuka chini ya 2.5, moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma damu.

Sasa wengine wanatumia spironolaktoni. Hii nayo inakojosha, ila inaibakiza potasiamu mwilini. Mchezaji anashikwa na msuli nyuma ya jukwaa, rafiki anamwambia umepungukiwa potasiamu, anapewa vidonge viwili vitatu. Figo zimekauka, haziwezi kuitoa. Potasiamu inapanda, inapita 6.5, na moyo unaweza kusimama. Iwe imezidi au imepungua, utakachokiona ni kilekile: miguu imelegea, mapigo yanarukaruka. Kwa macho hakuna mwalimu anayeweza kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kinachojua ni kipimo cha damu na kile cha umeme wa moyo, basi.

Lakini kwa nini moyo wa kijana mwenye nguvu hivyo usimame? Kwa sababu moyo unaoingia kwenye ukame huo mara nyingi ni moyo ulioumia tayari. Mwanamume mzima hutengeneza testosteroni miligramu 5 hadi 7 hivi kwa siku, yaani haifiki 50 kwa wiki. Wapo wanaojidunga 500 kwa wiki, na wapo wanaopita 1000, juu yake wameongeza dawa nyingine. Moyo nao ni msuli, unanenepa kama mingine, ila unanenepea ndani, ukuta unakula nafasi ya damu. Dallas McCarver, mchezaji mwenzenu, alifariki Marekani mwaka 2017 akiwa na miaka 26. Moyo wake ulipopimwa ulikuwa na gramu 833. Wa mwanamume wa kawaida ni gramu 300 na ushee. Mishipa inayoulisha moyo huo nayo ilikuwa imeanza kuziba.

Ongeza damu yenyewe. Steroidi, yaani testosteroni na dawa za jamii yake, huzidisha chembe nyekundu. Zikipita asilimia 54 ya damu, damu ni nzito, na ukiikausha inazidi kuwa nzito. Hapo kiharusi hakiko mbali.

Vidonge vya kumeza, kama stanozololi, huumiza ini na kushusha lehemu nzuri. Korodani husinyaa na mbegu kupungua, pengine kwa miezi mingi baada ya kuacha. Kwa dada zetu, sauti ikishazama hairudi.

Kuhusu vipimo, angalieni mtego huu. Mwenye misuli mingi huwa na kreatinini ya juu, ile taka ya misuli inayopimwa kujua hali ya figo, hata figo zikiwa nzima. Mwombeni daktari sistatini C, kipimo cha figo kisichotegemea sana misuli. Vimeng'enya vya ini, AST na ALT, hupanda kwa kunyanyua vyuma tu; GGT, kimeng'enya kingine, ndiyo itakayosaidia kuonyesha kama ini kweli lina shida. Presha pimeni nyumbani, mkiwa mmetulia, si baada ya mazoezi. Na anayetumia dawa hizi apigwe ultrasaundi ya moyo hata kama hajisikii vibaya.

Mchezaji akianguka, msimpe potasiamu wala ndizi, na msimmwagie maji mdomoni. Akiwa anapumua mlazeni ubavu. Asipopumua kawaida anzeni kumkandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mtu mwingine akiita gari la wagonjwa. Kama alijidunga insulini, dawa inayoshusha sukari ya damu, na bado anajitambua, apewe soda yenye sukari. Kusanyeni vichupa na pakiti zote kwenye begi lake, mwende nazo hospitali, na mumwambie daktari kila kitu alichotumia na saa aliyokitumia.