Namba ya Tatu Kwenye Karatasi ya Miwani

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, asanteni kwa kuniita. Shikamooni wazee wangu wa mstari wa nyuma.

Mwaka juzi baba mmoja alinijia amekasirika, mkononi ana karatasi ya vipimo vya binti yake wa darasa la tano. Imeandikwa 0.00 / −2.00 × 180. "Daktari, sifuri si ndiyo kusema mtoto mzima? Mbona nadaiwa hela ya miwani?" Nikamwita binti, nikaandika ubaoni 7 = 7. Akasoma bila kusita: "Saba kutoa saba."

Baba akanyamaza.

Mistari iliyosimama binti yule aliiona safi. Iliyolala ilimtanukia juu na chini, ile miwili ya alama ya sawasawa ikashikana ikawa mmoja mnene. Hiyo ndiyo astigmatizimu. Nadhani amepoteza maksi nyingi za hesabu kwa kosa ambalo si lake.

Mbele ya jicho kuna kioo angavu, konea, kinachofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga. Konea isiyo na tatizo hili ni kama chungwa: pitisha kidole upande wowote, mviringo ni uleule. Ya binti yule ni embe lililolazwa. Kwa urefu mpindo wake ni wa taratibu, kwa kukatiza ni mkali, na upande mkali huukunja mwanga zaidi. Basi mwanga wa nukta moja haukutani mahali pamoja. Unachora mistari miwili, mmoja nyuma ya mwenzake.

Majina marefu tunayowaandikia yanaeleza tu mistari hiyo imeangukia wapi. Mmoja ukitua kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mwingine ukaishia mbele yake, ni astigmatizimu sahili ya kutoona mbali. Ndiyo ya binti yetu. Yote miwili ikiishia mbele, ni changamano. Ikielekea nyuma ya retina, tunahesabu vivyo hivyo kwa upande wa kutoona karibu. Mmoja mbele na mmoja nyuma, ni mseto. Halafu kuna mwelekeo: kwa vijana wengi embe limelala, uzeeni huelekea kusimama, na wengine wamejaliwa la mshazari.

Wapo ambao konea yao hata embe si embe. Ina makovu, au imechongoka kama koni. Mtoto mwenye aleji anayefikicha macho kutwa nzima, tafadhali mleteni mapema. Koni ikishakua, miwani ya kawaida haitoshi. Tunatumia lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho, machozi yanajaza mabonde chini yake, na jicho linapata uso mpya laini.

Tatizo lenyewe la astigmatizimu ni la zamani. Thomas Young wa Uingereza alilieleza mwaka 1801 kwa jicho lake mwenyewe. Alilitumbukiza majini ili kuiondolea konea nguvu, kasoro ikabaki palepale, akajua kwake inatoka kwenye lenzi ya ndani. Mwanaastronomia George Airy naye alitazama tundu dogo la mwanga, akaona mstari badala ya nukta; mwaka 1825 akaeleza Cambridge jinsi lenzi ya silinda ilivyomsaidia.

Silinda hiyo ndiyo namba ya pili kwenye karatasi. Ya kwanza hurekebisha pande zote sawa, na kwa binti ilikuwa sifuri kweli. Ya pili hurekebisha upande mmoja tu. Ya tatu inamwambia fundi silinda ailaze vipi, na hiyo ndiyo watu wanaipuuza. Lenzi ikizunguka digrii 10 tu, theluthi hivi ya marekebisho imekwenda. Ikifika 30, astigmatizimu inayobaki ni kubwa kama ile ya mwanzo, ila imegeuka upande. Kwa hiyo fremu iliyolaliwa si suala la urembo. Na zile miwani za kusomea zinazopangwa mezani barabarani hazina silinda kabisa.

Baba yule alirudi tena, safari hii na karatasi ya kliniki nyingine: −2.00 / +2.00 × 90. Alidhani mmoja wetu tapeli. Hapana: miwani ni ileile, imeandikwa kwa mtindo mwingine. Jumlisha namba mbili za kwanza, geuza alama ya silinda, zungusha mhimili, ile namba ya tatu, digrii 90, utarudi kwenye yangu.

Sasa, wenye miwani ivueni. Ishikeni mbele kidogo ya uso, mtazame kona ya fremu ya ule mlango kupitia lenzi moja, kisha mzungushe taratibu kama usukani. Ukiona mistari ya mlango inafunguka na kufunga kama mkasi, una silinda humo. Haya, mama wa kitenge cha njano, wewe umeona nini?