Sato, Sato, Sangara: Tunavyotengeneza Albamu ya Metali Hapa Kirumba

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nipo kwenye chumba chetu cha mazoezi, Kirumba, Mwanza, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni. Ukihisi harufu ya dagaa kupitia simu yako, usishangae, hapa ndipo ilipo.

Wengi mnaniuliza: bendi ya watu wanne, isiyo na studio, inatengenezaje albamu ya metali ya progresivu? Ile yenye nyimbo za dakika tisa na mapigo ambayo harusini yangemvunja mtu mguu. Mji wetu unaitwa Rock City, lakini sote tunajua hiyo rock ni jiwe la Bismarck na wenzake, si magita. Kwa hiyo tumejifunza kwa kukosea. Albamu hii ya pili ina nyimbo saba na imetuchukua miezi kumi na moja. Nitawaonyesha tulivyoijenga, na tulipoboronga nitasema.

Hatua ya kwanza: weka gita chini. Ndiyo, liegemeze ukutani. Muziki huu unaanza na mguu na mdomo.

Nyimbo nyingi unazozijua zina hesabu ya nne. Sisi tunapenda saba, tano, kumi na moja. Sasa jaribu kuhesabu saba haraka haraka: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Ulimi umekwama, siyo? Ni kwa sababu kila tarakimu hapo ina silabi mbili. Unadhani umehesabu mapigo saba, kumbe mdomo umepiga kumi na nne. Mwaka mzima wa albamu ya kwanza tulipotea kwenye shimo hilo.

Siku hizi tunahesabu kwa samaki. Sato ana silabi mbili, sangara ana tatu. Saba ni sato, sato, sangara. Sema nami taratibu, kila silabi pigo moja, na upige kofi mwanzo wa kila samaki. Sa-to, sa-to, sa-nga-ra. Tena. Sa-to, sa-to, sa-nga-ra. Makofi yako yameanguka kwenye pigo la 1, la 3 na la 5. Safi.

Sasa acha makofi, sema tu kama unavyomwambia muuza samaki pale chini. Sikiliza mdomo wako unapokazia. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unasema SAto, SAto, saNGAra. Umeisikia hiyo "nga"? Mkono ulipiga la 5, ulimi umekazia la 6.

Mpiga dramu wetu alipigana na hiyo "nga" wiki mbili. Kila tukifika kwa sangara, fimbo yake inachelewa pigo moja. Mimi nikamwambia maneno ambayo baadaye ilibidi nimnunulie soda kuyafuta. Siku moja mpiga besi, mtu asiyesema sana, akasema: mwacheni. Gita na besi zifuate mguu, yaani mbili, mbili, tatu. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ifuate ulimi, mbili, tatu, mbili. Tukajaribu. Jamani. Rifu ile ile, yaani kile kipande cha gita kinachojirudia, iliyokuwa imekufa ikaanza kuchechemea kama mtumbwi ulioshikwa na wimbi ubavuni, na hakuna aliyekuwa amekosea. Wimbo wa kwanza ulizaliwa jioni hiyo, na sehemu kubwa ya albamu imetoka humo.

Ngoja niwapigie. Hii ni gita peke yake... hii ni snea peke yake... na hizi pamoja. Ukiisikia mara ya kwanza unadhani simu yako imekwama.

Ukishazoea, ongeza tabaka la tatu. Matoazi yabaki kwenye nne ya kawaida, ambayo kwa hesabu yetu ndogo ni mapigo manane kila mzunguko. Rifu ya saba na mzunguko wa nane zinaachana hapo hapo, kila moja inakwenda njia yake, halafu zinakutana kwenye pigo la kwanza baada ya mizunguko saba, rifu ikiwa imejirudia mara nane. Saba mara nane, hamsini na sita. Msikilizaji anatingisha kichwa kwenye nne yake, ametulia, chini yake sakafu inasogea. Meshuggah, ile bendi ya Uswidi, wamejengea jina humo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kazi ni kuvumilia ile mizunguko saba bila kumtazama mwenzako kwa wasiwasi.

Hatua ya pili ni kisa. Bendi za aina hii hupenda albamu nzima isimulie jambo moja, na wengi huishia kwenye mazimwi na sayari za mbali. Sisi tulifungua dirisha. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria hili, aliletwa miaka ya 1950. Furu ndio wenyeji, mamia ya aina zisizopatikana kwingine duniani, na kufikia miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zimetoweka, nyingi zikiwa zimeishia tumboni mwa yule mgeni. Hapo wimbo unajiandika wenyewe: furu analia, sangara ni shetani, kwisha.

Lakini mimi ada yangu ya sekondari ililipwa na minofu ya sangara. Nitamwitaje shetani? Tulibishana hili kuliko rifu yoyote. Mwisho tukagawana: nyimbo tatu anasema furu, tatu anajibu sangara, na wa saba linazungumza ziwa lenyewe. Watafiti waliochimba tope la chini wanasema ziwa hili liliwahi kukauka kabisa, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Kwa hiyo ziwa linawasikiliza hao wawili kama bibi anavyosikiliza wajukuu wakigombea mkeka.

Cha kufanya wewe: chukua karatasi ya manila, ibandike ukutani, chora mstari mmoja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Juu yake andika nani anasema, hesabu gani, kasi gani, wapi pana kelele, wapi pana ukimya. Yetu hii hapa, nasogeza kamera. Hilo doa ni chai. Furu anakwenda kwa tano, sato na sangara, kwa sababu ni mdogo na ana haraka. Sangara anakwenda kwa saba. Wanapokutana wimbo wa nne, gita moja linapiga tano, jingine saba, na zinakutana kila baada ya mapigo thelathini na tano. Pasipo ile karatasi tungekuwa bado tunatafutana.

Hapo hapo nitoe dukuduku langu. Kila nikisema ninatoka Usukumani, mtu ananishauri niweke ngoma ya bugobogobo mwanzoni mwa albamu, "ili isikike ya kwetu". Sekunde ishirini za ngoma, halafu gita linaingia na ngoma haisikiki tena hadi mwisho. Hilo ni pambo la keki. Bugobogobo ilizaliwa shambani, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Nendeni Bujora, Kisesa, mkaangalie. Kilichonishika mimi ni jinsi watu wote wale wanavyoinua chuma kizito bila mmoja kuhesabu kwa sauti. Tulichochukua ni mazoezi yake: tulijifunza nyimbo zote saba tumesimama, tukikanyaga, bila vyombo, kabla ya kuwasha amplifaya. Majirani walituona tumeokoka.

Hatua ya tatu, rasimu. Rekodi kila rifu kwa simu, halafu usiisikilize siku tatu. Siku ya nne, iimbe kwa mdomo. Ukishindwa kuikumbuka, ifute, hata kama vidole vyako vinaipenda. Tulikuwa na rifu arobaini na moja, zikabaki kumi na tisa. Zilizobaki panga kwenye kompyuta. Sisi tunatumia Reaper, programu ya kurekodi: unaijaribu bure siku 60, na leseni ya bei nafuu ya watu wa kawaida ni dola 60. Weka kliki, yaani ule mlio wa kuhesabia mapigo, ya wimbo mzima kwanza, kila kasi inapobadilika na kila hesabu inapobadilika, kabla hujarekodi hata noti moja ya kudumu. Kazi hii inachosha na haina sifa. Ifanye.

Chumba. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kwenda kwa jirani, tuache kudanganyana. Zinapunguza mwangwi kidogo sana na zinakusanya vumbi. Kinachozuia sauti ni uzito: matofali, mifuko ya mchanga, mlango mzito. Ndani, magodoro ya zamani na mablanketi yanasaidia kuua mwangwi. Na paa likiwa la bati kama letu, wingu likionekana upande wa Ukerewe, zima maiki.

Tuje kwenye dramu, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Tuna maiki nne tu. Moja ndani ya ngoma ya mguu, moja kwenye snea, mbili juu. Hizo za juu ndizo zinazobeba picha yote, na lazima zote mbili ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea. Zikitofautiana, sauti ya snea inafika kwa nyakati mbili, inakonda, na hakuna kitufe cha kuinenepesha baadaye. Huhitaji kifaa. Chukua mshipi wa kuvulia, bana ncha moja katikati ya snea, vuta hadi maiki ya kushoto, funga fundo. Peleka fundo hilo hilo hadi maiki ya kulia. Ukifika, umemaliza. Mshipi huu niliomba kwa mvuvi pale Mwaloni, akaniuliza ninavua nini chumbani.

Na kama huna dramu kabisa? Zipange kwenye kompyuta na usione haya. Hao hao Meshuggah walitoa albamu nzima mwaka 2005 yenye dramu za kompyuta, na mpiga dramu wao ni miongoni mwa wakali wa dunia.

Magita. Tumeshusha uzi mnene kutoka E hadi C na mingine nusu-sauti mbili chini, yaani freti mbili, kwa hiyo tumia nyuzi nene, la sivyo zitalegea kama kamba ya kuanikia. Tuni kila baada ya kurekodi mara moja. Hewa ya ziwani inakula nyuzi, zangu zinashika kutu haraka kuliko sufuria. Ingiza gita moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kilele kisipite desibeli -12 hivi, saundi ya amplifaya utaichagua baadaye. Piga sehemu ile ile mara mbili, moja weka kushoto, nyingine kulia. Usinakili ya kushoto ukaibandika kulia! Ukinakili, masikio yanasikia gita moja lililosimama katikati. Upana unatokana na tofauti ndogo ndogo za mkono wako. Na usiweke mkorogo mwingi, ule mkwaruzo wa amplifaya. Kwenye hesabu hizi, kila pigo lazima lisikike limeanza wapi na limekatika wapi.

Umeme. Usiku tuliomaliza besi ya wimbo wa tano, ukakatika. Kompyuta yangu betri yake ilishakufa zamani, na mimi sikuwa nimehifadhi tangu saa moja jioni. Saa tatu za kazi, kwaheri. Mpiga besi alifungua mlango, akaenda kukaa nje kwenye jiwe, hakusema neno. Kwa hiyo: hifadhi kila baada ya kurekodi mara moja, na nakala mbili kila usiku, moja hapa, moja kwenye nyumba nyingine.

Sauti. Dada anayetuimbia alitokea kwaya, na ndiye anayekoroma pia, yaani ile sauti nzito ya kunguruma ya metali. Kukoroma kunaanzia tumboni, pumzi ikisukumwa taratibu. Koo likiwasha, acha, usijikaze. Tuligundua Kiswahili kinakoromeka vizuri kwa sababu karibu kila neno linaishia na irabu, ila si zote sawa: "a" na "o" zinafunguka, "i" na "u" zinambana. Tukabadilisha mashairi kwa ajili ya koo. "Maji" ikawa "ziwa" sehemu kumi na kitu. Mama mwenye nyumba alikuja siku ya tatu ya kurekodi, akabisha hodi, akauliza kwa upole, "Wanangu, hayo mapepo yenu yanalala saa ngapi?" Tukamjibu saa mbili, mama, shikamoo. Tangu hapo saa mbili ni saa mbili.

Kumiksi sitakaa sana, nitaandaa video yake. Pumzisha masikio siku nzima kabla ya kuanza. Ondoa uzito wa chini kwenye magita, mwachie besi. Kisha sikiliza kwenye spika mbovu unazozijua: simu, redio ya bajaji, ile spika moja ya daladala ya Igoma iliyopasuka. Snea ikisikika humo, imesikika. Usibane sauti ili iwe kubwa kupita wote, Spotify inaishusha hadi LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kawaida, na wewe unabaki na muziki uliobanwa bure.

Karatasi. Kabla ya kutoa chochote, kaeni wote, andikeni nani ana asilimia ngapi ya kila wimbo, wekeni saini, kisha mkasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sisi tuligawana robo robo, hata pale nilipodhani nimeandika zaidi. Ile "nga" haikuwa yangu.

Haya, mazoezi ya wiki. Kumi na moja: sangara, sangara, sangara, sato. Mguu upige mwanzo wa kila samaki, yaani 1, 4, 7 na 10. Mdomo utakazia 2, 5, 8 na 10, kwa hiyo mguu na mdomo vinakutana kwa sato tu. Anza polepole, umesimama. Ukipotea, msubiri sato.