Pateni Inapoishia Kabla ya Mwili

DADA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Dar es Salaam. Shikamoo, mama.

MAMA FUNDI: Marahaba, mwanangu.

DADA: Leo tunazungumzia pateni za karatasi, yaani vielelezo vya kukatia nguo, ambazo saizi yake ya mwisho ni ndogo kuliko mteja. Tuseme pateni inaishia kifua cha sentimita 112, na mama aliyetuletea kitenge ana 124. Wengi hukimbilia duka la fotokopi na kuomba karatasi ikuzwe.

MAMA FUNDI: Nilifanya hivyo nilipokuwa najifunza kazi, na gauni la sendofu likaharibika mikononi mwangu. Kutoka 112 hadi 124 ni ongezeko la karibu asilimia 11, na mashine hukuza kila kitu kwa kiasi hicho hicho. Mgongo wa sentimita 42, kutoka shingoni hadi kiunoni, unapita 46, kwa hiyo kiuno cha gauni kinashukia nyongani. Mabega ya 40 yanafika 44 na kuning'inia. Mwili unaponenepa, mifupa hairefuki.

DADA: Kwa hiyo tushike njia gani?

MAMA FUNDI: Tuisome karatasi yenyewe. Ebenezer Butterick alipoanza kuuza pateni za saizi mbalimbali huko Marekani mwaka 1863, faida yake ilikuwa hiyo, kwamba hesabu ya kupanda kutoka saizi moja hadi nyingine imekwisha kufanywa. Chukua ncha ya bega, unganisha kwa rula alama za saizi tatu za mwisho, endeleza mstari kwa nje, kisha weka alama mpya kwa umbali uleule uliopo kati ya saizi mbili za mwisho. Fanya hivyo kila kona. Kama saizi zinapishana kwa sentimita 6, ubavuni utaona ongezeko la 1.5, kwa sababu sentimita 6 zinagawanywa kwa nusu mbili za mbele na mbili za nyuma, ilhali shingoni zinaongezeka milimita chache tu. Mimi sivuki saizi mbili kwa njia hii, maana kosa dogo hukua kila unaporudia.

DADA: Basi mteja wetu anatosha ndani ya saizi mbili, 118 kisha 124.

MAMA FUNDI: Hapo nakusihi usiharakishe, mwanangu. Pima kwanza kifua cha juu, futi kamba ikipita kwapani na juu ya matiti. Pateni nyingi huchorwa kwa mwanamke ambaye kipimo hicho kinapungua kwa takriban sentimita 5 kuliko kifua kamili. Mama huyu akiwa na 113 juu, basi mgongo na mabega yake ni vya saizi 118, na ukimpa kipande cha nyuma cha 124 shingo itafunguka na mgongo utapwaya. Panda saizi moja tu, halafu sentimita 6 zilizobaki ziweke mbele peke yake, 3 kwa kila nusu. Kata karatasi kutoka chini hadi ncha ya titi, kisha hadi karibu na tundu la mkono, ukate pia katikati ya dati ya ubavuni, ule mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate umbo la titi, ndipo uifungue. Dati itapanuka, na nafasi itakuwa pale inapohitajika.

DADA: Na mikono?

MAMA FUNDI: Tundu la mkono likibadilika, kichwa cha mkono, sehemu ya juu inayoshonwa kwenye tundu hilo, nacho kibadilike. Simamisha futi kamba kwa ukingo wake upime mistari ya mshono, si ukingo wa karatasi. Mkono wa juu upime peke yake, kwa kuwa mara nyingi unahitaji zaidi ya pateni inavyokadiria.

DADA: Ninaona pia kwamba kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, hivyo vipande vilivyokuzwa huenda visikae sambamba. Tuvipange kabla ya kugusa mkasi.

MAMA FUNDI: Na tukate kwanza kwa merikani au shuka kuukuu. Inaniuma kumsikia mwanamke akiambiwa mwili wake hauna saizi, wakati saizi ya mwisho iliamuliwa na muuzaji. Mvalishe nguo ya majaribio, mwombe anyanyue mikono na akae kitini, uchore kwa chaki panapombana. Hamishia alama hizo kwenye karatasi, uandike tarehe, uihifadhi, kwa sababu atarudi na kitenge kingine.