Mto Mackenzie: Mafuriko Yasiyongoja Mvua

Ndugu wasikilizaji, Mto Mackenzie ulioko kaskazini-magharibi mwa Kanada unatoka Ziwa Great Slave, karibu na nyuzi 61 kaskazini, na kuingia Bahari ya Aktiki karibu na nyuzi 69. Urefu wake ni kama kilomita 1,700. Shikeni mwelekeo wake, maana ndio unaoeleza mengine yote: unakwenda kaskazini. Baridi ikianza kuachia, mto huyeyuka upande wa juu wakati upande wa chini bado umeganda. Maji yanafika, njia haijafunguka.

Anayeanzisha vurugu ni Mto Liard. Mackenzie hutoka ziwani, na ziwa hutuliza maji yake. Liard huteremka kutoka milima ya Yukon na British Columbia, theluji ya huko huwahi kuyeyuka, na hakuna ziwa kubwa la kuyapokea maji hayo njiani. Mito hiyo hukutana kwenye kijiji cha Fort Simpson. Mara nyingi barafu huvunjika mwezi Mei. Liard uliofurika huinua barafu ya Mackenzie ikingali ngumu na kuivunja. Mapande husukumwa mpaka yakute barafu nzima, kisiwa au kona, yakapandana na kuziba mkondo. Maji yakirudi nyuma huvamia makazi. Fort Simpson yenyewe iko kisiwani, na Mei 2021 wakazi wake waliagizwa kuhama.

Kizibo kikiachia, hatari haijaisha. Maji yaliyolundikana hushuka kwa mkupuo, na mapande yanaweza kukwama tena mbele. Mwaka mbaya zaidi ni ule ambao baridi huchelewa kuondoka, kisha joto likaja ghafla. Joto likipanda taratibu, jua huozesha barafu palepale ilipo. Hugeuka nyeusi, hupoteza nguvu, na hupita bila kishindo.

Hata hivyo nisingependa mafuriko haya yaitwe balaa tu. Kwenye delta, yaani pale mto unapogawanyika mikono kabla ya kuingia baharini, karibu na mji wa Inuvik, yapo maelfu ya maziwa, na mengi yako juu kuliko usawa wa kawaida wa mto. Hupata maji mapya na rutuba pale tu barafu inapoziba mkondo na kuyapandisha. Miaka ikipita bila hayo, maziwa hayo hupungua.

Kwa wakazi wa Fort Simpson kuna shida nyingine: kuuvuka Liard. Kiangazi kuna pantoni. Kipupwe magari hupita juu ya barafu. Barafu inapovunjika, na tena inapoanza kuganda, havipo vyote viwili, hivyo chakula na mafuta huwekwa akiba mapema.